Mla Vitawi Asiye na Jina: Tembo, Mbega na Lugha ya Malisho katika Historia ya Msitu wa Nyungwe, Rusizi

Ikisiri

Historia ya Msitu wa Nyungwe, kusini-magharibi mwa Rwanda, imezoeleka kuandikwa kama historia ya shoka, moto na mipaka. Makala hii inaisoma upya kama historia ya vinywa: wanyama waliokula matumba, machipukizi na vitawi vya msitu huo, jinsi baadhi yao walivyotoweka, na kilichofuata. Inadaiwa kwamba kutoweka kwa tembo mwaka 1999 kuliubadilisha msitu wenyewe, na kwamba Kiswahili kinachotumika katika elimu na sera, kinachowakusanya wanyama wote hawa katika fungu moja la "wala majani", kimefanya badiliko hilo liwe gumu kulitaja na kwa hiyo gumu kulipangia.

Utangulizi

Wilaya ya Rusizi ilizaliwa katika mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006 kutokana na sehemu ya mkoa wa zamani wa Cyangugu. Magharibi yake ipo Bukavu; kusini, ng'ambo ya Mto Ruhwa, ipo Burundi; mashariki ardhi inapanda kutoka joto la Bugarama hadi baridi ya Nyungwe. Kiswahili kilisikika katika maduka ya Kamembe na katika vivuko vya Rusizi ya Kwanza na Rusizi ya Pili muda mrefu kabla ya sheria ya mwaka 2017 kukifanya kuwa lugha rasmi ya Rwanda. Kwa hiyo ni mahali panapofaa kuuliza swali ambalo kwa kawaida huachiwa wanabiolojia: je, lugha hii ya kanda inazo zana za kusimulia kile kilichotokea katika msitu ulio jirani yake?

Kwa upande wa majina ya wanyama, jibu ni ndiyo, tena bila shida. Mnyarwanda husema inzovu, Mswahili ndovu. Inzovu na ndovu ni ndugu wa damu. Imbogo ni mbogo. Impongo ni pongo. Mzee wa Bweyeye na mzee wa Pangani wangeelewana juu ya nani aliyepita usiku. Ambapo wangekwama ni kwenye swali la pili: alikula nini, na alikula namna gani?

Neno moja, vinywa viwili

Chanzo cha ugumu ni neno majani. Jani ni kile kinachoota kwenye kitawi, na wingi wake ni majani. Lakini kijana anayetumwa kukata majani ya ng'ombe hapandi mti. Anakwenda bondeni kukata nyasi. Na anayeagiza majani dukani ataletewa chai. Kinyarwanda kinatenganisha: ubwatsi ni nyasi na lishe ya mifugo, ibibabi ni majani ya mti. Hata hivyo Kinyarwanda nacho, kama lugha nyingi za wafugaji wa ng'ombe, kimejenga msamiati wake wa malisho juu ya nyasi. Inka zirarisha, ng'ombe wanakula malishoni, ni sentensi ambayo picha yake ni uwanda wa kijani, si kichaka.

Tofauti inayopotea hapa si ya wanazuoni peke yao. Nyasi hukua kutoka chini, karibu na ardhi. Ikikatwa ncha na ng'ombe au nyati, huendelea kusukuma juu. Mti hukua kutoka nchani. Tumba ndilo linalobeba tawi la msimu ujao, na mnyama anayelila anaamua, bila kukusudia, mti huo utakuwa na umbo gani na kama utafika juu ya wenzake au utabaki kijiti. Aidha, chipukizi changa lina protini nyingi na nyuzi chache kuliko kitawi kilichokomaa, ndiyo maana hutafutwa. Na mimea mingi hujilinda kwa tanini na sumu nyingine, ndiyo maana mlaji wake hana budi kuchagua, akichuma hapa kidogo na pale kidogo kwa mdomo na ulimi. Mla nyasi hufyeka. Mla vitawi huchagua.

Inafaa kukumbukwa kwamba uainishaji wa kisayansi wa vinywa hivi viwili una mizizi yake Afrika Mashariki. Reinhold Hofmann, mwanaanatomia wa Kijerumani aliyefanya kazi Nairobi, alichunguza matumbo ya wanyama wanaocheua wa kanda hii, na mwaka 1972, akiwa pamoja na D. R. M. Stewart, akachapisha uainishaji unaowatenga wala nyasi, kama nyati na nyumbu, na wachaguaji wa machipukizi, kama twiga na digidigi, huku kundi la katikati, kama swala pala, likibadili chakula kwa kufuata msimu. Kitabu chake juu ya tumbo la wanyama wanaocheua kilitolewa Nairobi mwaka 1973 na East African Literature Bureau. Hicho ni chombo kilekile kilichotoa vitabu vingi vya Kiswahili katika miongo iliyotangulia. Ujuzi huo, uliotokana na wanyama wa hapa na kuchapwa na mtambo wa hapa, ulibaki katika Kiingereza. Katika Kiswahili walioainishwa waliendelea kuitwa wala majani, wote pamoja, kana kwamba nyati na pongo hukaa meza moja.

Kutoka Rugege hadi Nyungwe

Eneo ambalo leo ni Rusizi na Nyamasheke lilijulikana zamani kwa jina la Kinyaga, na ndilo alilolichunguza Catharine Newbury katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu uhusiano wa ubwana na utwana kati ya mwaka 1860 na 1960. Katika historia ya kisiasa ya aina hiyo msitu huonekana kama ukuta: unatenganisha Kinyaga na mahakama ya mfalme katikati ya nchi, unawaficha wakimbizi, unachelewesha majeshi. Wageni wa Kijerumani waliuita Rugege. Richard Kandt, aliyeishi kando ya Ziwa Kivu upande huu, alitafuta humo chanzo cha Nile. Mwaka 1907 msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulimleta mtaalamu wa mimea, Johannes Mildbraed, ambaye alikusanya sampuli katika msitu huo na kuzipeleka Berlin.

Sampuli ya mtaalamu wa mimea ni nini kama si kitawi? Hukatwa urefu wa karatasi, pamoja na matumba na maua yake, kikakandamizwa na kukaushwa. Yaani kumbukumbu ya kwanza ya maandishi ya mimea ya Rugege iliundwa kwa kipande kilekile cha mti ambacho tembo na mbega walikuwa wakikila. Sehemu kubwa ya hazina hiyo ya Berlin iliteketea kwa mabomu mwaka 1943. Msitu wenyewe ulikuwa na kumbukumbu nyingine, katika umbo la miti yake, lakini hakuna aliyefikiria kuisoma.

Utawala wa Ubelgiji uliutangaza msitu huo kuwa hifadhi mwaka 1933. Kuanzia hapo historia yake iliandikwa kwa hesabu ya eneo: takriban kilometa za mraba 1,140 mwaka 1958, takriban 970 mwaka 1979. Hesabu hizo ni muhimu na zinaeleza njaa ya ardhi katika nchi yenye vilima vilivyolimwa hadi vileleni. Kipande cha Cyamudongo, kilichomo Rusizi, kilikatwa kutoka kwenye msitu mama na kuachwa kama kisiwa katikati ya mashamba, na sokwe wake ndani yake. Lakini hesabu ya eneo haisemi lolote juu ya kinachoendelea ndani ya mpaka. Ramani ya mwaka 1979 ingekuwa ileile hata kama kila mnyama mkubwa angekuwa ameondoka chini ya miti.

Na ndivyo ilivyokuwa ikitokea. Uchimbaji wa dhahabu ulileta watu wengi msituni, na watu wengi porini huhitaji kitoweo. Nyati walimalizika katika miaka ya 1970. Pongo na funo walipungua kwa mitego ya kamba. Tembo walibaki wachache, wakionekana zaidi kwa nyayo na vinyesi kuliko kwa macho.

Kamiranzovu

Ndani ya Nyungwe kuna kinamasi kikubwa cha nyanda za juu kiitwacho Kamiranzovu. Mofolojia yake iko wazi kwa yeyote anayejua lugha hizi: kumira ni kumeza, inzovu ni ndovu. Ni mahali panapomeza ndovu. Jina hilo ni ushahidi wa kihistoria unaostahili kupewa uzito sawa na hati ya kumbukumbu, kwa kuwa linathibitisha kwamba tembo walikuwa wakazi wa kawaida wa mahali hapo, wengi kiasi cha kuzama kwao katika matope kuwa jambo la kupewa jina.

Tembo wa mwisho anayejulikana aliuawa na majangili mwaka 1999. Ilikuwa miaka mitano baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, katika kipindi ambacho nchi ilikuwa na misiba mikubwa zaidi ya kuomboleza, na hakuna anayeweza kulaumiwa kwa kuwa kifo hicho hakikutikisa magazeti. Hata hivyo namna kilivyoingia katika maandishi ya baadaye inafaa kuangaliwa. Kwa kawaida hutajwa katika orodha: nyati walitoweka, tembo walitoweka, na baada ya nukta aya inahamia kwa ndege na sokwe. Tembo anahesabiwa kama mali iliyopungua ghalani. Kazi aliyokuwa akiifanya haitajwi.

Kazi hiyo ni rahisi kueleza. Tembo mmoja aliyekomaa hula zaidi ya kilo 100 za mimea kwa siku, na msituni sehemu kubwa ya chakula hicho ni vitawi, magome, majani ya miti, matunda na mimea inayotambaa. Anavunja matawi, anakanyaga vichaka, anafungua njia, anaacha kinyesi chenye mbegu mbali na mti mama. Mahali anapopita mara kwa mara mimea laini inayokua haraka haipati nafasi ya kufunika kila kitu.

Miongoni mwa mimea ya namna hiyo Nyungwe kuna mmea mtambaazi ambao wenyeji huuita umukipfu, na ambao wataalamu huuita Sericostachys scandens. Ni wa ukoo mmoja na mchicha wa jikoni. Si mgeni aliyeletwa kwa meli. Umekuwa msituni siku zote. Lakini katika miongo ya karibuni umeonekana kutanda mahali penye uwazi, ukapanda juu ya miti na kuifunika kama blanketi, na chini ya blanketi hilo miche ya miti haipati mwanga wa kutosha kukua. Watafiti hawajakubaliana juu ya sababu moja. Moto wa mwaka 1997, uliounguza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya Nyungwe, uliacha uwazi mwingi; ukataji wa miti nao ulikuwa umeacha mwingine. Sababu inayotajwa mara kwa mara pamoja na hizo ni kukosekana kwa tembo, mnyama mkubwa pekee aliyekuwa akiula na kuukanyaga kwa kiwango kinachostahili.

Nguvu ya hoja hiyo inaongezeka ukivuka ziwa. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, magharibi ya Bukavu, ilianzishwa mwaka 1970, ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, na mwaka 1997 ikawekwa miongoni mwa urithi ulio hatarini. Katika vita vya miaka ile tembo wa nyanda zake za juu, waliokuwa mamia, waliuawa karibu wote. Huko nako mmea uleule umetanda, na umekuwa suala la kudumu katika taarifa za hali ya hifadhi hiyo. Misitu miwili, nchi mbili, utawala tofauti, historia tofauti za ardhi; kilichofanana ni kuondoka kwa mla vitawi na kustawi kwa mtambaazi. Si uthibitisho wa mwisho, kwa maana vita na moto viliambatana na yote mawili. Lakini mwanahistoria anayekataa kuufikiria mfanano huu kwa kuwa hauna hati atakuwa ameukataa ushahidi mkubwa kuliko wote alionao.

Waliobaki: mbega na mchumaji wa chai

Isieleweke kwamba Nyungwe hauna tena anayekula machipukizi. Mbega wa Nyungwe ni maarufu kwa jambo ambalo halifahamiki kwa urahisi mahali pengine: hukaa katika makundi ya mamia. Amy Vedder na Peter Fashing walichapisha mwaka 2002 utafiti wa chakula cha kundi la mbega 300, na tafiti zilizofuata zimeeleza kundi lenye takriban 500. Sehemu nyingi mbega huishi kifamilia, kumi au kumi na watano. Maelezo yanayotolewa ni ya chakula: katika Nyungwe mbega huweza kula hata majani yaliyokomaa ya miti mingi kwa kuwa ubora wake uko juu, tena hula kuvumwani pale majani machanga yanapoadimika, kwa hiyo kundi kubwa halilazimiki kugombania matumba machache. Hata hivyo huhama daima, kama jeshi linaloishi kwa kile linachokikuta.

Kinachofaa kuzingatiwa na wapangaji ni kwamba mbega hawezi kuchukua nafasi ya tembo. Anakula juu, katika kilele. Tembo alikula chini na katikati. Anachuma, tembo alivunja. Kuwaweka wote katika safu moja ya "wala majani" katika jedwali la usimamizi ni kusema kwamba kazi ingali na mfanyakazi, ilhali mfanyakazi aliyebaki yuko ghorofa nyingine.

Kando ya msitu, huko Shagasha na Gisakura, kuna mla machipukizi wa tatu, ambaye ni mkono wa binadamu. Chai huchumwa majani mawili na tumba moja, na kichaka huzuiliwa kisiwe mti kwa kuchumwa nchani bila kukoma, mwaka hadi mwaka. Ni mfano bora kuliko wote wa kile mlaji wa ncha anachoweza kuufanyia mmea: mti ambao ungefika mita kadhaa hubaki usawa wa kiuno. Si bahati tu kwamba chai imepandwa mpakani mwa hifadhi hapa, kama ilivyopandwa katika ukanda wa chai wa Nyayo nchini Kenya kuanzia mwaka 1986. Mbuzi hawaitaki, na wanyama wa msituni karibu wote huiacha. Ukanda wa chai ni ukuta uliojengwa kwa machipukizi yasiyolika, isipokuwa kwa anayeyauza. Wakati huohuo, Gisakura kipo kipande kidogo cha msitu kilichozingirwa na chai, na ndani yake kundi dogo la mbega limeendelea kuishi, likiwa limezungukwa pande zote na majani mabichi lisiyoyala.

Zizini

Historia hii ina tawi jingine ambalo linawagusa wakulima wa Rusizi kila asubuhi. Sera ya Rwanda ya kufugia mifugo zizini, iliyoimarishwa na mpango wa Girinka wa mwaka 2006 wa kuzipa familia maskini ng'ombe, ilihamisha kazi ya kuchagua chakula kutoka kinywa cha mnyama hadi kwa mkono wa mwenye mnyama. Kwa ng'ombe, ambaye ni mla nyasi, mabadiliko hayo yalieleweka vizuri: huletewa mabingobingo. Kwa mbuzi hali ni tofauti. Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, lakini mbuzi akiwa huru hatafuti nyasi kwanza. Husimama kwa miguu miwili kufikia vitawi. Vichaka vya lishe kama kaliandra na lusina, vilivyoenezwa kwenye kingo za matuta, vinampa kile anachokitaka, na bado vinazuia udongo usiteremke mtoni. Afisa ugani anayesema "mpe majani" hajasema uongo. Amesema jambo ambalo mkulima anaweza kulitekeleza kwa njia mbili zenye matokeo mawili.

Kifaru mweusi, kifaru mweupe

Rwanda imekwisha kuonyesha kwamba wanyama waliotoweka wanaweza kurudishwa. Katika Akagera, upande wa pili wa nchi, simba walirudishwa mwaka 2015. Mwaka 2017 waliletwa vifaru weusi 18 kutoka Afrika Kusini, na mwaka 2021 vifaru weupe 30. Majina yao katika Kiswahili, kama katika lugha za Ulaya, yanatofautisha rangi ambazo macho hayazioni, kwani wote ni wa kijivu. Tofauti yao halisi iko mdomoni: mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, unaoshika kitawi kama kidole, mweupe ana mdomo mpana, wa kufyeka nyasi. Mmoja alirudishwa vichakani, mwingine aliletwa uwandani. Aliyeandika taarifa ya Kiswahili kuhusu tukio hilo angelazimika kueleza kwa sentensi nzima jambo ambalo lingetosha neno moja.

Neno hilo si gumu kulipata. "Mla vitawi" linaeleweka kwa mtoto wa shule, linakubali umoja na wingi, na linakaa vizuri kando ya "mla nyasi" ambalo tayari lipo. "Mla machipukizi" lingefaa kwa wanyama wanaochagua sehemu changa tu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyo Zanzibar, na mabaraza ya nchi wanachama yana utaratibu wa kusanifisha istilahi za aina hii, na kujiunga kwa Kongo na Jumuiya mwaka 2022 kunamaanisha kwamba kwa mara ya kwanza wasimamizi wa Nyungwe na wa Kahuzi-Biega wamo katika jumuiya moja yenye Kiswahili miongoni mwa lugha zake.

Tangu mwaka 2020 Nyungwe inasimamiwa kwa ubia kati ya Bodi ya Maendeleo ya Rwanda na African Parks, na mwaka 2023 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mpango wowote utakaogusa umukipfu utalazimika kuamua iwapo ni gugu la kukatwa kwa panga, kila mwaka, na vibarua kutoka vijiji vya Rusizi na Nyamasheke, au ni chakula kilichokosa mlaji. Maamuzi hayo mawili yana bajeti tofauti. Kamiranzovu, wakati huo, inaendelea kuitwa hivyo na watoto ambao hawajawahi kuona unyayo wa inzovu.